Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: mtoto ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima

Ndugu Mganga Mkuu wa Serikali,

Nakuandikia nikiwa tabibu wa zahanati ya kijijini, kuhusu nimonia ya watoto walio chini ya miaka 5, ugonjwa ambao huku kwetu hautambuliwi kwa eksirei wala kwa maabara, bali kwa macho na saa. Mwongozo wa kutibu magonjwa ya watoto kwa uwiano, tulionao nchini tangu miaka ya 1990, unaelekeza mtoto ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 12, au 40 kwa aliyevuka mwaka, anapumua haraka isivyo kawaida. Kwa mtoto mchanga hesabu hurudiwa, kwa kuwa pumzi zake hazina mwendo mmoja.

Kipimo cha haraka cha malaria kimetutoa kwenye mazoea ya kuita kila homa malaria, na hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo, majibu yakiwa hasi, mhudumu aliye peke yake, huku akina mama wamejaa hadi barazani, huandika amoksilini, dawa ya antibayotiki, bila kuhesabu chochote. Hivyo mwenye mafua tu hupewa dawa asiyoihitaji, na yule ambaye kifua chake kinabonyea ndani kila avutapo pumzi huondoka na dawa hiyohiyo bila kufunuliwa nguo, ilhali huenda alistahili rufaa. Siwalaumu wenzangu, kwani dakika moja ni ndefu mno pale mtoto anapolia na foleni haisogei.

Naomba, kwanza, kila zahanati ipatiwe kifaa cha kupima oksijeni chenye kibanio cha mtoto mchanga, kwa sababu kile cha kidole cha mtu mzima hakishiki vizuri kwenye mguu mdogo. Mtoto ambaye oksijeni yake iko chini ya asilimia 90 hatakiwi kurudishwa nyumbani. Pili, timu za halmashauri zinapokuja kwa usimamizi shirikishi zisiishie kukagua vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za huduma za afya, ambavyo hujazwa vizuri hata pale ambapo hakuna aliyehesabu, bali zikae chumbani zimtazame mhudumu akimpima mtoto.

La mwisho, nalo ndilo linaloniuma zaidi, ni watoto walio chini ya miezi 2. Hawa wanaweza kuwa na maambukizi makali bila homa wala kikohozi; dalili ikawa tu kukataa kunyonya, kulegea, au mwili kupoa chini ya nyuzi 35.5. Wanahitaji sindano ya kwanza ya antibayotiki kabla ya kuanza safari ya hospitali, na safari yenyewe inahitaji gari. Naomba dawa hizo zisikosekane zahanati, na gari la wagonjwa lisisubiri mzazi achangie mafuta.

Naomba kuwasilisha.

Tabibu wa zahanati