Unataka kujijengea Lotus Seven nyumbani? Soma hii kabla hujakata paipu hata moja

Simu za namna hii tunapokea sana siku hizi hapa karakana yetu ya kuchomelea Dar. Mtu anapiga, anasalimia vizuri, halafu anasema "fundi kuna kagari ka zamani nimekaona, kako wazi juu, matairi ya mbele yako nje ya bodi na taa zimesimama zenyewe pembeni, nataka nijenge kama kale uani kwangu, mnaweza kunisaidia chesisi?" na hapo hapo najua anaongelea Lotus Seven. Jibu ni ndiyo, tunasaidia, na ni kazi ninayoipenda kuliko mageti yote niliyowahi kuchomelea. Ila kabla hatujawasha mashine kuna swali tunamuuliza kila mteja, gari yako ya kuchinja, yaani gari nzima ya kufungua ili utoe injini na spea zote, iko wapi? Wengi wanakuwa hawana gari, wana spea tu, na hapo ndo matatizo karibu yote yanapoanzia.

Kwanza kwa nini Seven na sio nyingine. Watu wanatamani sana Cobra au Porsche 356, na ni gari nzuri kweli, lakini zile bodi zimejaa mviringo, lazima uwe na moldi na faibaglasi na mtu anayeijua ile kazi mpaka mwisho. Seven imenyooka. Zinazojengwa nyumbani nyingi ni fremu ya paipu za pembe nne, zile zile za grili za madirisha, imevalishwa bati la alumini ambalo halijakunjwa kukunjwa, kwenye mviringo ni pua na madigadi tu. Colin Chapman aliitoa Uingereza mwaka 1957 na toka mwanzo watu walikuwa wanaweza kuinunua kwa vipande wakajifungie wenyewe, sababu gari iliyokamilika ilikuwa na kodi ya mauzo na vipande havikuwa nayo. Sharti lilikuwa usimpe mteja maelekezo ya kufunga, basi Lotus wakawa wanatoa maelekezo ya KUFUNGUA, mteja anayasoma kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mwaka 1973 Caterham wakachukua haki zake na mpaka leo wanaitengeneza.

Hiyo stori ya maelekezo ya kufungua naipenda sana kwa sababu ndo kazi yako wewe ilivyo. Ukinunua gari moja iliyokufa, nzima nzima, ukaifungua mwenyewe taratibu, kila bolti kwenye kimfuko chake umeandika imetoka wapi, kila waya umeufunga plasta yenye jina, kila hatua umepiga picha na simu, basi maelekezo yako ya kujenga umeshayapata. Ukinunua spea moja moja kwa watu tofauti, umenunua mafumbo.

Mwaka jana alikuja kijana mmoja, mtu mzuri tu na ana moyo, mzigo umejaa Kirikuu. Injini ya vani, gia boksi ya otomatiki ya Mark II, ekseli ya nyuma ya pikapu, habu (kile kipande rimu inapofungwa) na stering raki za mbele za Vitz. Kila kitu alikipata bei nzuri na alikuwa anajivunia, na mimi roho iliniuma kumwambia. Vitz ina nati nne kwenye rimu, ile pikapu ilikuwa na sita, maana yake hata tairi la spea atahitaji mawili. Gia boksi haikai kwenye ile injini bila kutengenezewa plate katikati. Propela shafti haina upande hata mmoja unaokubali, mbele haiingii kwenye gia boksi nyuma haifungi kwenye difu. Ile ekseli ni nzito na pana, ikifungwa matairi ya nyuma yatatoka nje ya madigadi yote. Kila tatizo lina dawa, lakini kila dawa ni hela tena na mtu wa mashine ya kukereza, ukijumlisha yote angenunua gari nzima ya kuchinja na chenji ingebaki.

Kwa hiyo gari gani? Seven injini yake inakaa mbele, imelala kwa urefu, na inasukuma magurudumu ya nyuma. Vitz, IST, Raum zote hizo injini imekaa kwa upana na inavuta mbele, kwa hii kazi ziache. Mark II za GX100 na GX110 ziko nyingi na zinasukuma nyuma, lakini injini yake, ile 1G, ni silinda sita kwenye mstari, ni ndefu, na nyingi zina otomatiki ambayo tumbo lake ni nene, wakati katikati ya Seven kati ya viti viwili pale pa kupita gia boksi ni pembamba sana, ukiipanua unamnyang'anya dereva na abiria sehemu ya kukaa. Altezza yenye injini ya 3S-GE ya silinda nne na gia za mkono ni chaguo zuri kama bajeti inaruhusu. Kama unataka nyepesi na rahisi, Corolla ya KE70 yenye injini ya 4K, cc 1290, kabureta, ekseli ya kipande kimoja nyuma, inapendeza sana kwenye hii kazi, na fundi yeyote anaijua. Shida ya KE70 ni mbele. Shokapu zake ni zile nguzo ndefu zinazosimama kutoka kwenye habu kwenda juu, na Seven pua yake iko chini, nguzo hiyo haina pa kujificha, kwa hiyo mbele lazima tutengeneze wishboni mbili (mikono ya chuma inayoshika habu kwenye chesisi), ya juu na ya chini, na tutafute habu fupi zinazoendana nazo. Hapo ndo sehemu pekee ninayokubali uchanganye spea za gari nyingine, na naomba tuzichague pamoja kabla hujalipa.

Sasa kuchomelea. Naongea kama mtu anayeishi kwa kuchomelea kwa hiyo nisikilizeni. Paipu inayotumika sana ni inchi moja kwa inchi moja, unene 1.6mm. Nenda dukani na vernia yako (kile kipimo cha unene) mkononi, usiamini maneno, maana nimeshauziwa paipu ya "moja nukta tano" nikapima nikakuta 1.2. Kwenye grili haina neno, kwenye gari inayokubeba hapana, siichomi.

Halafu mchomeleaji wa mageti, hata kama ni mzuri, ana tabia moja ambayo nami nilikuwa nayo na ilibidi niiache. Akimaliza kuchoma anapitisha grenda mpaka kona inakuwa laini, ukipaka rangi huoni kiungo. Kwenye geti inapendeza. Kwenye chesisi umesaga nguvu yote ya kiungo ukaimwaga chini. Kuna chesisi niliwahi kuletewa imepakwa rangi nyeusi safi kabisa, inang'aa, nikaomba ruhusa nikaigonga na nyundo ndogo pale paipu ya chini inapokutana na sehemu ya kufungia wishboni, pigo la tatu ukatoka ufa mwembamba kama unywele. Tulipoikata kufungua ndani, paipu moja ilikuwa haijayeyuka hata kidogo, moto ulipita juu juu tu kama gundi. Hiyo ndo sehemu inayoshika gurudumu la mbele. Mwenye gari alinyamaza muda mrefu, na mimi sikuwa na la kumwambia zaidi ya pole.

Sisi tunatumia MIG, ile ya waya, kwa sababu fimbo ya kawaida kwenye chuma chembamba hivi inatoboa haraka na fundi akiogopa kutoboa anapita juu juu. Na hatuchomi kiungo kimoja mpaka kiishe. Fremu nzima tunaishika kwanza kwa vidoti juu ya meza iliyonyooka, tunavuta tepu kona hadi kona, mkato huu na mkato ule, zikitofautiana zaidi ya milimita mbili tunafungua vidoti tunarudia. Ndo tunachoma, kidogo huku kidogo upande wa pili, maana chuma kikipoa kinajivuta, na fremu ikishapinda kama ndizi huinyooshi tena kwa nyundo. Zile paipu za mshazari ambazo watu wanaziruka wakiona zinajaza nafasi, usiziruke. Angalia kenchi ya paa la nyumba, ingekuwa miraba mitupu ingelala kwa upepo wa kwanza, inasimama kwa sababu ya pembetatu. Chesisi ya Seven ni kenchi hiyo hiyo imelazwa chini.

Kuna kitu kingine ambacho wateja hawakijui kabisa na kinanitia hofu kuliko injini kubwa, ni kimo cha kukaa kwa stering raki, ule mtambo unaogeuza magurudumu ya mbele ukizungusha usukani. Ukiifunga juu kidogo au chini kidogo ya pale inapotakiwa, gurudumu likiingia shimo ile tairodi (fimbo inayounganisha raki na gurudumu) inalivuta, gurudumu linageuka lenyewe wakati wewe umeshika usukani umenyooka. Barabara zetu mnazijua. Kwenye gari nyepesi hivi, spidi themanini, hilo ni jambo la kukutoa barabarani. Tunavyopima ni hivi: springi inatoka, tunafunga ubao ulionyooka kwenye habu, tunavuta uzi pembeni ya gari, halafu tunanyanyua gurudumu kwa jeki sentimita moja moja kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, na kila hatua tunapima mbele ya ubao na nyuma ya ubao mpaka kwenye uzi. Namba zikianza kukimbiana tunahamisha raki. Inachukua siku nzima na mteja anaona kama hatufanyi kitu, lakini ukiniambia niiruke hiyo siku sitaichukua kazi yako.

Breki nitasema kwa kifupi maana haina mjadala. Spea za kuchukua kwenye gari ya kuchinja ni za chuma tu. Mipira ya breki, hozi, boli jointi, tairodi endi, hivyo ni vipya, na mikanda ya viti ni mipya, mkanda uliotoka kwenye gari iliyopata ajali ulishafanya kazi yake. Servo, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, watu wengi wanaiacha kwa sababu Seven iliyomalizika inacheza kwenye kilo 500 na kitu mpaka 600, wakati Altezza au Mark II inapita kilo 1,300, mguu wako unatosha. Kwa sababu hiyo hiyo ya uzito springi za gari ya kuchinja usizifunge, zitakuwa ngumu kama jiwe na tairi itakuwa inaruka badala ya kukanyaga lami.

Na Dar ina mambo yake ambayo muingereza aliyechora hii gari hakuyafikiria. Matuta. Sampu ya injini, lile bakuli la oili, inakaa karibu sana na chini, kwa hiyo tunaipandisha gari kidogo na sampu tunaikata na kuipanua pembeni ili oili isipungue. Joto la foleni, rejeta ya gari ya kuchinja ni ndefu haiingii kwenye pua, unaweka fupi yenye feni ya umeme, na tanki la maji lazima liwe sehemu ya juu kuliko zote la sivyo hewa inabaki kwenye silinda hedi na injini inachemka hata rejeta ikiwa imejaa. Na chumvi ya bahari. Paipu inaoza kutoka ndani, kwa hiyo kila mwisho wa paipu tunauziba kwa kuchomelea, na kati ya alumini na chuma tunapaka silanti kabla ya kupiga riveti, alumini ikigusana na chuma kitupu kwenye hewa yetu hii ya chumvi inaanza kuliwa na kutoa unga mweupe.

Kuhusu karatasi, nenda TRA na trafiki uulize KABLA hujaikata gari ya kuchinja, na kadi yake uwe nayo mkononi yenye jina lako. Sisi hatukati namba ya chesisi kwenye gari moja na kuichomelea kwenye nyingine, wala usituombe, hata kama ni gari yako zote mbili.

Ukiwa tayari, huduma zetu ni tatu. Tunaweza kukuchomelea chesisi nzima ukamalizia nyumbani, tunaweza kuchoma viungo tu kama umeshakata na kupanga paipu zako mwenyewe, au unaleta chesisi uliyojenga tunaikagua, na kuikagua kwa macho na nyundo hatuchaji, nataka watu wafike salama. Chesisi iliyopakwa rangi tutaomba kuikwangua kwenye viungo.

Kupima mwili wako tunafanya Jumamosi asubuhi. Unakaa kwenye ubao chini, tunachora kwa chaki mgongo, nyonga, magoti na miguu, ndo tunajua fremu iwe na upana gani, maana Seven ya asili ni nyembamba na wengi wetu haitutoshi. Njoo na vile viatu utakavyokuwa unaendeshea, pedali zimebanana sana mle ndani, mtu akipimwa na ndala halafu siku ya siku akaja na buti la kazi, anakanyaga breki na mafuta kwa mguu mmoja.