Barua kwa Mwanaisha: ngano ya popo na mwanawe

Wete, Pemba

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, na mvua zimeshaanza. Barua yako imefika, na katika yote uliyoyaandika, hilo la kutaka ngano ya mnyama mama na uhuru wake, ya kuwasimulia watoto wako wa skuli, nawe umefikiria ndege aliyefungwa tunduni, ndilo lililonikaa moyoni. Basi nalianza hilo.

Huyo ndege wa tunduni muache. Tundu hufunguliwa kwa mkono wa mtu, na mlango ukishafunguliwa hadithi inakuwa ya aliyefungua. Mama hana alilofanya ila kungoja. Kuku ni mama hasa, siku 21 anaatamia na kugeuza mayai, lakini watoto wanamjua mno, watakutangulia kila neno. Kasa ana ngano nzito: hupanda ufukweni usiku, hata hapa kisiwani Misali, akachimba, akataga mayai kiasi cha 100 au zaidi, akafukia, akarudi baharini asiwaone tena. Huyo muweke kwa watoto wakubwa. Wa skuli ya maandalizi watalia, na hutaweza kuwatuliza kwa uwongo.

Mchukue popo wa Pemba. Hapatikani kwengine duniani, na huko Makunduchi, Unguja, watoto hawajamwona, kwa hivyo anza kwa kuwaonesha ukubwa wake. Tandua kanga moja, watoto wawili washike ncha: mbawa zake zikikunjuliwa zinakaribia urefu huo, na mwili wenyewe ni kama nusu kilo tu. Waambie uso wake una pua ndefu na macho makubwa, na manyoya yana wekundu wa kutu. Anaona kwa macho na kunusa matunda. Hatumii mwangwi wa sauti yake kujua njia kama popo wadogo wa darini. Hula maembe, mashelisheli na tini za porini, akafyonza maji na kutema makapi.

Sasa umama wake, maana humo ndimo ngano ilimo. Huzaa mtoto mmoja. Maziwa ya popo yako kwapani, chini ya bawa, na mtoto huning'inia hapo kwa meno na kucha wakati mama anaruka. Wiki za mwanzo mama huenda malishoni naye. Mtoto anazidi uzito, mbawa za mama ni zile zile. Ukifika wakati hawezi tena, humuacha mtini pale wanapolala, akaenda peke yake, akirudi akamtafuta kwa sauti na harufu kati ya popo wengi. Huna haja ya kubuni mtihani wa huyu mama; anao kila usiku, na unakua.

Kwa hivyo ipange kwa nyakati tatu, na kila wakati uwe na wimbo wake, kwa sababu ni kwa sauti wanajuana. Anza na paukwa na pakawa kama kawaida, halafu usiku wa kwanza, akiwa na mtoto kifuani:

Mwanangu shika, mwanangu shika,
usiku bado, hatujafika.

Wakati wa pili, akimuacha tawini:

Mwanangu ngoja, mwanangu ngoja,
alfajiri tutakuwa pamoja.

Wa tatu nitakuambia. Kabla yake watie wasemaji wawili tu. Kunguru amwambie, "Mtupe huyo, uruke upendavyo." Komba amwambie, "Kaa mtini, mama haendi popote." Hapa angalia saa, ndipo wengi wanapoharibu. Kunguru hulala usiku, kwa hivyo anaweza kumsema magharibi popo wanapotoka na alfajiri wanaporudi, basi. Komba ni wa usiku, huyo akutane naye juu ya mwembe. Ukiwachanganya, mtoto mmoja mwenye akili atakuuliza na hadithi itavunjika. Popo asiwajibu kwa hotuba. Akiimba wimbo wake na kwenda zake, ameshajibu.

Uzito usiusimulie, uwape waubebe. Mfuko mdogo wa mchanga, mtoto aufunge kifuani kwa mtandio na azunguke ukumbini mikono wazi: konzi 1 mara ya kwanza, konzi 3 mara ya pili, kisha konzi 6. Fundo liwe mgongoni, na usifunge shingoni hata kidogo.

Wakati wa tatu ndio roho ya ngano, uende polepole. Ndege hupaa kwa kujirusha juu. Popo amening'inia kichwa chini. Akitaka kuruka lazima aachie tawi kwanza, aanguke kidogo, mbawa zishike upepo. Akianguka mpaka chini hupata taabu kuondoka, mara nyingi hutambaa hadi mtini akapanda tena. Kwa hiyo mtoto anaogopa, na mama naye anaogopa, wote wawili kwa sababu. Mara ya kwanza mtoto aanguke majanini na apande. Usiiruke sehemu hiyo ya kupanda, watoto wanaihitaji. Mara ya pili mama anaimba:

Mwanangu achia, mwanangu achia,
mbawa unazo, nakuangalia.

Na usiku ule wanatoka wawili, kila mmoja kwa mbawa zake, mama mwepesi mwili na moyo kwa mara ya kwanza tangu azae. Mpe furaha hiyo waziwazi. Wasimulizi wengi humuacha mama akilia mtini, kana kwamba uhuru wake ni msiba. Si kweli, na wasichana wako wanasikiliza.

Mwindaji usimtie. Najua utashawishika, maana popo hawa walikaribia kumalizika miaka ya 1980 kwa kuwindwa na kukatiwa miti, na leo wako maelfu kwa kuwa watu wa vijiji kama Kidike wamewalinda. Lakini bunduki ikiingia, watoto hawasikii kingine. Hiyo iwe siku nyingine, na si ngano, ni habari.

Dakika 10 zinatosha, bila nyimbo za kurudia. Ukimaliza usiulize "tumejifunza nini?" Waulize kwa nini kunguru hakusema kitu usiku, halafu waache wabishane.

Niandikie walinyamaza wapi na walipiga kelele wapi, nyimbo tutazirekebisha. Mama msalimie sana, na mwambie karafuu zake nitamletea mwenyewe nikija.

Shoga yako,
Bikombo