Kura ya 2023 bado inaniuma

Mhariri,

Siandiki kulalamikia soka kujaa kwenye kurasa zenu, ingawa ningeweza. Naandika kuhusu tuzo ya mchezaji bora wa WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani, ambayo hapa kwetu hupita kimya.

Mwaka 2025 A'ja Wilson wa Las Vegas Aces aliitwaa kwa mara ya nne, baada ya 2020, 2022 na 2024. Hakuna mwingine aliyefikisha nne. Msimu wa 2024 alifunga pointi zaidi ya 1,000, wa kwanza katika ligi hiyo, na wapiga kura wote wakampa namba moja.

Mimi 2023 ndiyo inaniuma. Wapiga kura walikuwa 60. Alyssa Thomas alipata kura 23 za nafasi ya kwanza, Breanna Stewart 20, Wilson 17, lakini tuzo akachukua Stewart, kwa kuwa nafasi ya kwanza ina pointi 10, ya pili 7, ya tatu 5, kisha zinajumlishwa zote. Stewart 446, Thomas 439, Wilson 433. Sigombani na hesabu. Nagombana na yule mmoja aliyempanga Wilson wa nne! Hata angempa ya kwanza asingeshinda, najua, nimejumlisha mara mbili. Lakini wa nne? Mwezi uliofuata Aces wakabeba ubingwa, naye akawa mchezaji bora wa fainali.

Msimu ujao tupeni japo safu moja.

Mpenzi wa kikapu,
Morogoro