Bodaboda za umeme: faida anakula nani, betri ananunua nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana huu mjadala wa pikipiki za umeme na za petroli naona wanaoandika wengi ni watu wa Dar, ambako mlima ni flaiova ya Ubungo, sisi wa Mbeya tunabaki kusoma tu. Mimi ni mama wa Uyole, nina pikipiki mbili wanaendesha vijana, moja ya petroli moja ya umeme, kwa hiyo ninachosema hapa nakilipia mwenyewe.

Tuanze na hela maana ndo kila mtu anakimbilia hapo. Boxer au TVS ya cc 125 ikiwa nzima inakula lita mbili mpaka mbili na nusu kwa kilomita 100, na petroli tuseme ni elfu tatu kwa lita, EWURA (wadhibiti wa nishati) wakitangaza bei za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi Mbeya lazima tuwe juu ya Dar kwa sababu mafuta yetu yanapandishwa Kitonga na malori. Piga hapo ni elfu sita mpaka saba na mia tano. Ya umeme kwa umbali huohuo inakula kama uniti nne, weka tano na zile zinazopotea kwenye chaja, na uniti ya LUKU kwa sisi ambao hatupo kwenye ile bei ya chini ni kama shilingi 356. Haifiki elfu mbili. Na hapo sijagusa oili, plagi, kusafisha kabureta kila ukinyweshwa petroli ya chupa iliyochakachuliwa, klachi, na vingine vyote ambavyo pikipiki ya umeme haina kabisa. Kwa hiyo kwenye matumizi ya kila siku hakuna ubishi, anayebisha ana kituo cha mafuta.

Wengine wanasema umeme ni legelege kwenye mlima, hiyo nayo siyo kweli, tena ni kinyume chake. Mji wetu upo kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, na injini ya petroli inavuta hewa ili iunguze mafuta, kila ukipanda mita 100 inapungua kama asilimia moja ya nguvu, ndo maana Boxer ileile inayoruka Kibaha ikifika huku inalia. Mota ya umeme haina habari na hewa. Ukitoka Mafiati na abiria wawili (najua hairuhusiwi, lakini tupo Tanzania) ya umeme inaondoka kimyakimya umeshaiacha ya petroli inatafuta gia. Na abiria wa kike watanielewa, haina ekzosi ya kukuunguza shavu la mguu, hapa Uyole ukiangalia miguu ya kina mama nusu wana hilo kovu.

Shida siyo nguvu, shida ni akiba. Kijana wangu anasomea ufundi umeme alinipigia hesabu nikakaa chini. Ukitoka hapa Uyole kwenda Tukuyu unapanda mpaka Isyonje, tuseme mita 500 hivi kwenda juu, pikipiki na dereva na abiria ni kilo 250, kuuinua huo mzigo tu ni theluthi ya uniti, na kwa kuwa mota nayo inapoteza kidogo inakuwa kama 0.4. Sasa zile pikipiki za umeme za bei rahisi betri yake ni volti 72 na ampea-saa 20, yaani uniti 1.4 na kitu. Zaidi ya robo ya betri imeishia kwenye kupanda peke yake, hujahesabu umbali, hujahesabu ile baridi ya Juni na Julai ambayo nayo inaipunguza betri nguvu kidogo. Ukiweka gunia la viazi badala ya abiria ndo kabisa. Ya petroli ikiisha njiani unasimama kwa mama mwenye chupa kwenye meza, dakika mbili umeondoka. Ya umeme ikiisha Isyonje na mvua ile, utalala kwa mwenyeji.

Kushuka nako watu hawakusemi. Mwenye petroli akishuka kuelekea Kiwira anaweka gia ya pili injini inamshikilia, breki anagusa tu. Hizi za umeme nyingi hazina gia, zipo ambazo mota inarudisha umeme kwenye betri ukishuka na hapohapo inakushikilia, lakini za bei rahisi nyingi hazina hicho kitu au kipo cha jina, kwa hiyo mteremko mzima unaubeba kwa breki na breki zikichemka tunajua wote kinachofuata. Kwa wanaobeba ndizi na madumu ya maziwa huko Rungwe, au mpunga kwenye njia za Mbarali ambako ukiharibikiwa fundi pekee ni yule wa chini ya mti na anachokijua ni pistoni na ringi, mi nasema waendelee na petroli yao bila aibu. Umeme kwa sasa ni wa barabara ya mjini, Uyole, Sae, Mafiati, Mwanjelwa, Soweto, Iyunga, mpaka Mbalizi, mtu anarudi kwake mchana kula anaichomeka, jioni anaendelea. Tanesco wakikata ndo kaa kijiweni upige stori.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Boda wengi hawanunui pikipiki kwa mkupuo, wanaendesha kwa mkataba, unamletea mwenye pikipiki hesabu ya elfu nane au kumi kwa siku kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa halafu chombo kinakuwa chako. Kwenye petroli huo mkataba una akili, ukimaliza unabaki na pikipiki imechoka lakini injini inafunguliwa, spea zipo Mwanjelwa, unaenda nayo miaka mingine. Kwenye umeme betri peke yake inabeba theluthi mpaka karibu nusu ya bei ya pikipiki, na kama ni zile betri za asidi zinavumilia kuchajiwa mara 300 mpaka 500 tu. Boda anachaji kila siku. Hebu hesabu mwenyewe, kijana analipa mwaka mzima, siku anakabidhiwa kadi ya pikipiki ndo betri inakufa, na ule unafuu wa petroli aliokuwa anaupata kila siku ulishakuwa ugali, ada na kodi ya chumba, hakuna boda anayeweka pembeni elfu nne kwa siku kusubiri betri. Lithiamu inafika mara 1,000 na zaidi, hapo angalau mtu ana miaka mitatu, lakini bei yake ndo inawakimbiza.

Na wauzaji wanalijua hili. Kuna duka moja nilienda, jina naliacha, muuzaji alisifia taa, alamu, mpaka redio, nikamuuliza betri ya aina gani na ikifa ni shilingi ngapi, akacheka, "mama hii haifi leo wala kesho". Nikamwambia fungua siti. Akafungua kwa shingo upande, nikakuta vidude sita vyeusi vya asidi vimefungwa na mpira wa tyubu. Nikamuaga vizuri nikaenda kununua ya lithiamu kwingine.

Kigali nako ni vilima vitupu kama kwetu na tangu Januari 2025 hawasajili pikipiki mpya ya petroli kwa kubeba abiria, lakini kule madereva wengi wa pikipiki za umeme betri siyo zao, wanabadilisha kituoni, ikichoka ni ya kampuni. Hapo mtu anaweza kulinganisha na petroli bila kujidanganya. Mi na kijana anayeendesha hii yangu ya umeme tumeandikishana hivi: hesabu ni ya pikipiki tu, halafu kuna elfu mbili ya pembeni kila siku inaingia kwenye laini ya simu ambayo ni ya betri na hakuna anayeigusa, mimi wala yeye, akimaliza mkataba anakabidhiwa kadi na hiyo hela. Alinuna mwanzoni, sasa hivi ndo anayenikumbusha.

Chama cha bodaboda hapa Mbeya wakilichukua hilo wakaliweka kwenye mikataba yao itasaidia wengi kabla hizi pikipiki hazijajaa mjini. Na muuzaji akija na sera zake za kuokoa mafuta, mpakizeni gunia mbili za viazi apande nazo Isyonje na arudi, bei tutaongea akifika.

Mama wa Uyole, Mbeya