Kabla hujapigiwa Windows 11, uliza data iko wapi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye maduka ya steshenari, walimu wa skuli na madrasa, makarani wa afisi na yeyote anayebeba kompyuta kwenda kupigiwa Windows mpya. Tangu Microsoft iache kutoa viraka vya bure vya usalama kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kazi hiyo inafanywa kwa pupa. Mteja anauliza, "Shilingi ngapi?" Fundi anauliza, "Na Office pia?" Suali la data iko wapi halina mwenyewe, mpaka kompyuta inarudi nyumbani nyeupe kama sahani iliyooshwa.

Tuanze na mashine. Windows 11 inataka prosesa ya Intel kizazi cha 8 kwenda juu, au AMD ya rika hilo, RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na kichipu cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0. Kizazi kinasomeka kwenye jina: i5-6300U ni cha 6, i5-8350U ni cha 8. EliteBook 840 G3 za mtumba ni kizazi cha 6, kwa hiyo zimo nje ya orodha hata ziwe nzima vipi. Kuijua TPM, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc. Ukiambiwa haipo, usiamini haraka; mara nyingi imezimwa tu kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, ambako Intel wanaiita PTT na AMD wanaiita fTPM.

Wapo mafundi wanaoyaruka masharti haya kwa flashi iliyotengenezwa na Rufus, programu ya kuandaa flashi za kupigia Windows. Inakubali, ila Microsoft haijifungi kuipa mashine hiyo masasisho, na kwenye kompyuta kongwe za Core 2 Duo toleo la 24H2 la Windows 11 haliwaki kabisa. Mwenye mashine ya namna hiyo nyumbani amewekewa mlango mwengine: akiwa na Windows 10 toleo la 22H2, anajiandikisha ndani ya Windows Update apate viraka hadi tarehe 13 Oktoba 2026.

Kwa mashine inayokubalika, kuna njia mbili, na tofauti yake ni pale unapoanzia. Ukiiwasha Windows ya zamani kama kawaida, ukachomeka flashi na kubofya setup, utaulizwa ubakishe nini. Ukichagua "Keep personal files and apps", mafaili na programu vinabaki. Ukiiwasha kompyuta kwa flashi yenyewe, chaguo hilo halipo, ni kusafisha tu. Mafundi wengi huanzia kwenye flashi kwa mazoea, maana kompyuta hutoka nyepesi na mteja hufurahi. Lakini mwenye programu ya hesabu ambayo namba ya leseni yake haijulikani iliko asikubali kabla hajaipata. Kunakili folda ya programu kutoka Program Files hakusaidii; programu huandika mambo yake mengi kwingine ndani ya Windows, na ukiirudisha folda peke yake haifunguki.

Asiye na hiari ni mwenye Windows 10 ya biti 32. Windows 11 ni ya biti 64 pekee, hivyo hakuna kupanda, lazima isafishwe. Tazama Settings, System, About, mstari wa System type. Na kama bado unaendesha programu ya enzi za DOS, jua kwamba Windows 11 haitaifungua.

Njia yoyote utakayopita, kopi kwanza. Wengi hunakili Documents wakaridhika, ilhali nusu ya kazi zao zimelala Desktop. Nakili folda yako yote iliyo ndani ya C:\Users. Kwa diski ya nje iliyojitokeza kama E, na jina la mtumiaji likiwa Duka, amri ya kuandika kwenye Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, ni hii:

robocopy C:\Users\Duka E:\Kopi /E /XJ /R:1 /W:1

Hizo herufi za mwisho si mapambo. Bila /XJ, amri hufuata vijia vya ndani vya Windows vinavyorudi vilikotoka, ikazunguka kama pia. Bila /R:1 na /W:1, ikikuta faili lililofunguliwa hujaribu tena mara milioni moja, kila mara ikisubiri sekunde 30. Utaikuta kesho palepale.

Vingine havimo humo, au vimo lakini havinakiliki kwa kuburuta. Data ya programu ya hesabu mara nyingi iko ProgramData au kwenye seva ya hifadhidata ya SQL. Tumia kitufe cha Backup cha programu yenyewe, kwani faili la hifadhidata likinakiliwa huku limefunguliwa hutoka bovu. Barua pepe za Outlook zilizoshushwa kwa POP, njia inayozileta kwenye kompyuta yenyewe, mara nyingi ziko kwenye faili la PST tu, na hazipo tena kwenye seva. Maneno ya siri ya Chrome yamefungwa kwa akaunti ya Windows iliyoyahifadhi, kwa hiyo folda ya Chrome ukiihamisha yatagoma kufunguka. Yatoe kwa njia ya CSV, yaani faili la maandishi matupu, na ukishayaingiza upya lifute faili hilo, maana kila mtu anaweza kulisoma.

Hapa kwetu kuna jengine ambalo mafundi wengi hulipita: herufi za Kiarabu. Mitihani ya madrasa na karatasi za dini za skuli zimechapwa kwa fonti za Traditional Arabic au Simplified Arabic. Windows iliyosafishwa haiji nazo. Faili linafunguka, Word inaweka fonti nyengine kimya kimya, mistari inasogea, irabu zinapanda juu ya herufi, na karatasi ya kurasa mbili inakuwa tatu. Maalim anadhani faili limeharibika. Halijaharibika. Ingia Settings, Optional features, uongeze "Arabic Script Supplemental Fonts", na intaneti iwepo, kwani zinashushwa. Usianze kuupanga upya mtihani kabla ya hapo, utaharibu kilicho kizima.

Kuhusu flashi. Iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na PST ya miaka kumi huzidi. Tumia exFAT au NTFS. Flashi ya "TB 2" ya bei ya chai ni ya uongo: inaonyesha majina ya mafaili yote, lakini ukiyafungua ni takataka. Na flashi iliyopita kwenye kompyuta za steshenari ikaonekana tupu ilhali nafasi imeliwa, folda zake zimefichwa na kirusi. Usiifomati. Ikiwa ni E, fungua Command Prompt, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha piga antivirusi.

Kopi ikimalizika, bofya kulia kwenye folda uliyonakili na kwenye kopi yake, Properties, ulinganishe idadi ya mafaili. Folda zilizofichwa za AppData zinaweza kuleta tofauti ndogo. Documents na Desktop zisipishane hata faili moja. Fungua matano au sita kutoka diski ya nje, kwenye kompyuta nyengine.

Kabla ya kugusa BIOS au kuihamisha diski, tazama kama BitLocker, kufuli la Windows linaloifunga diski nzima, imewashwa. Andika manage-bde -protectors -get C: kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kama administrator, uinakili ile namba ya tarakimu 48 kwenye karatasi. Ikiombwa nawe huna, data hiyo basi. Siku ya kazi, kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS na laptopu iwe na chaji. Umeme wetu tunaujua.

Ukipanda bila kusafisha, Windows ya zamani hukaa kwenye folda ya Windows.old kwa siku 10, na ndani ya siku hizo unaweza kurudi nyuma. Kumi ni chache kwa duka linalofunga hesabu mwisho wa mwezi. Ziongeze mapema, kabla hazijaisha, kwa amri hii kwenye Command Prompt ya administrator:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Anayesafisha hana folda hiyo ya kumrudisha. Huyo ningemshauri anunue SSD mpya, Windows 11 ipigwe humo, na diski ya zamani aiondoe nzima kama ilivyo, aondoke nayo siku hiyo hiyo, si kuiacha kwenye droo ya fundi.

Fundi wa kompyuta,
Chake Chake, Pemba.