Shosti, ule mtihani usiuchukulie poa

Columbus, Ohio
Jumapili usiku

Shosti wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi wazima, mtoto ameanza kutambaa na kazi yake sasa ni kutafuna waya wa chaja. Shikamoo yangu mfikishie mama.

Vois yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nashangilia tu kwamba viza imetoka na Januari utakuwa Houston kwa shemeji. Mara ya pili ndipo nikakusikia vizuri ukisema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "chuo wamesema kuna katesti kadogo tu, hakana kufaulu wala kufeli." Nikaacha vyombo kwenye sinki nikakaa kukuandikia. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na yalinila mwaka mzima.

Hii hujawahi kuisikia maana nilikuwa naona aibu.

Nilifika Agosti, na siku ya tatu tu nikapelekwa chuoni kufanya mtihani wa kupangiwa madarasa. Mtihani wenyewe unaitwa Accuplacer, ni wa shirika la College Board, wale wale wenye SAT, ule mtihani wa kuombea nafasi vyuoni huku. Unafanyiwa kwenye kompyuta, sehemu moja ya hesabu ina maswali 20, na hakuna muda wa kumaliza, ukitaka ukeshe. Simu na mkoba nilivifungia kwenye kabati, nikapewa penseli na karatasi mbili za kukokotolea, ambazo msimamizi alizihesabu kabla na baada kama mtu anayehesabu noti. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza utadhani tuko ndani ya friji la bucha. Kwa huku ilikuwa saa kumi jioni, lakini mwili wangu ulikuwa bado uko Tanga, saa tano usiku, unatafuta shuka.

Sasa sikiliza. Swali moja la mwanzo mwanzo lilikuwa kama hili: 3(x − 4) = 2x + 5. Swali la Form Two. Kwa usingizi nikaizidisha 3 kwa x, ile 4 nikaisahau, nikapata 9. Na 9 ilikuwepo kwenye majibu, imekaa inanisubiri. Nikabofya. (Jibu ni 17, kokotoa mwenyewe.) Mbele kidogo likaja lililonishinda kabisa, nikataka kufanya kama tulivyozoea Necta, ruka utarudi. Thubutu! Kompyuta haikupi linalofuata mpaka ujibu lililopo, na ukishajibu, kurudi nyuma hakuna. Nikabahatisha.

Halafu, shosti, mambo yakaanza kunyooka. Maswali yakawa mepesi. Mara sehemu za kujumlisha, mara asilimia 25 ya 80. Nikawa najibu huku natabasamu, najiona kipanga, nawahurumia Wamarekani kwa mitihani yao ya darasa la sita. Kumbe mashine ile inakupima huku inakufuata. Ukipata, inakuletea gumu zaidi, ukikosa, inashuka. Wepesi ule niliokuwa naufurahia ni mimi nashushwa ngazi moja baada ya nyingine, inatafutwa sakafu yangu iko wapi. Ikafika mahali ikanitoa kwenye aljebra kabisa ikanitia kwenye hesabu za kawaida, nami nikadhani ndiyo sehemu inayofuata, kila mtu anaipitia.

Nikatoka. Karatasi ya matokeo ikachapwa hapo hapo: 228, na juu yake imeandikwa kwamba alama ya juu ni 300. Nikapiga hesabu kichwani, asilimia 76. Hiyo si ni A kabisa ya Necta? Mimi niliyekuwa na C ya hesabu Form Four, na unajua C ya hesabu kwetu ni ya kuchinjia mbuzi! Nilimpigia mume wangu kazini. Jioni tukala pilau.

Kesho yake mshauri wa masomo akanieleza taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Alama zinaanzia 200. Hata ukifunga macho ukabofya tu, 200 wanakupa bure. Kwa hiyo mimi nilikuwa na 28 zangu. Nikapangiwa darasa la hesabu la chini kabisa, lile la kurudia sehemu na desimali, ambalo unalilipia kama kozi nyingine yoyote lakini krediti zake haziingii kwenye shahada. Kabla ya kumaliza hilo sikuweza kuchukua takwimu, wala kemia inayotakiwa kwa unesi, na pale chuoni kwetu unesi wanachukua watu mara moja kwa mwaka. Basi likaniacha stendi.

Kinachonikera mpaka leo ni hayo maneno matamu ya yule dada wa mapokezi. Usiwe na wasiwasi, usijiandae, tunataka tu kujua ulipo. Kweli karatasi haiandiki "umefeli". Lakini mtihani unaokuongezea muhula na ada, wewe unauitaje? Huku watu wana upole fulani wa maneno ambao sisi tuliolelewa na fimbo ya mwalimu wa hesabu tunauelewa vibaya.

Na kichekesho chenyewe, nilikuwa nimejiandaa, ila kwa Kiingereza. Mwezi mzima kamusi kitandani. Insha ya maneno 300 hadi 600, nikaiandika kwa mpangilio wa Form Four, hoja tatu na hitimisho, mashine ikaisahihisha papo hapo ikanipa 6 kati ya 8. Niliyemwogopa akanipitisha, niliyemdharau ndiye akanila.

Mshauri yule, Mungu ambariki, aliniambia jambo jingine nililotakiwa kulijua kabla. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walishaonyesha mwaka 2012 kwamba mitihani hii huwapanga vibaya watu wengi, karibu mmoja kati ya wanne kwenye hesabu, na kwamba alama za sekondari hutabiri vizuri zaidi. California mwaka 2017 wakatunga sheria vyuo vyao vya miaka miwili vitazame hizo alama za sekondari. Vyuo vingine navyo hukubali kuangalia zaidi ya mtihani, lakini lazima uulize. Mimi vyeti vyangu vilikuwa ndani ya sanduku, havijatafutiwa hata tathmini ya kulinganishwa na vya huku. Vyako vishughulikie sasa hivi, kabla hujapanda ndege.

Huko Houston uendako ni Texas, na Texas wana mtihani wa kwao, unaitwa TSIA2, ulianza Januari 2021. Kabla ya kuufanya, chuo kinatakiwa kikupitishe kwenye zoezi la maandalizi, na watu wengi hulibofya bofya tu ili liishe. Wewe lisome. Alama zake zinaanzia 910 hadi 990, kwa hiyo usije ukafanya ujinga wangu wa kutafuta asilimia! Kwenye hesabu unatakiwa ufike 950. Kwanza wanakupa maswali 20. Usipofika, kompyuta inakufungulia mengine 48 ya kukuchunguza udhaifu, kwa hiyo ukiona mtihani umerefuka ghafla, ujue. Nafuu ya Texas ni kwamba hata ukikosa, kwa kawaida wanakuingiza kwenye kozi yenyewe yenye krediti pamoja na kipindi cha ziada cha kukushika mkono, si kukurudisha chekechea kama mimi.

Kalkuleta yako huingii nayo. Kuna maswali inatokea yenyewe kwenye skrini, mengine haitokei. Hapo tuna nafuu sisi tuliofanya hesabu ya Form Four na kitabu cha four figure mkononi. MAGAZIJUTO unayo, sehemu unazo, ni kutu tu. Futa kutu wiki tatu, nusu saa kila usiku ukishamlaza mtoto. Inchi, futi na galoni zizoee, maana mtu anaweza kujua hesabu akashindwa na ndoo. Na usikubali tarehe ya wiki ya kwanza. Houston itakuwa nyuma ya Tanga kwa saa tisa. Lala kwanza, uzoee, ndipo uende, tena asubuhi.

Mtoto ameamka, naishia hapa. Ile barua ya chuo ipige picha unitumie, kurasa zote, hasa ile yenye maandishi madogo chini. Na ubuyu usisahau, ule mwekundu wa pilipili.

Wako wa bweni moja, kitanda cha juu.