Injini nzima, gari limekufa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme hili la gari za siku hizi, manake hapa Malindi kila baraza ukikaa utasikia eti ni mikebe tu, hazidumu kama Peugeot 504. Mimi nakataa. 504 tuliipenda wote na Safari Rally ilishinda, 1975 na tena 1978, lakini watu wamesahau ile kazi yake, leo platini, kesho kabureta, na injini kufunguliwa ilikuwa jambo la kawaida. Toyota Probox ukiibadilishia oili kwa wakati inapita kilomita laki tatu na injini haijaguswa.

Kinachoua gari zetu ni vitu vingine kabisa, na kubwa ni gia boksi. Hizi gari ndogo nyingi kutoka Japani zina gia boksi ya CVT, haina gia za meno kama zile tulizozoea, ndani mna mkanda wa chuma unapita kwa puli mbili na inataka oili yake yenyewe, sio nyingine. Sasa fundi anamimina oili ya kawaida ya otomatiki kwa sababu ndio iko dukani na ni rahisi, gari inatoka gereji inaenda vizuri, mwenyewe anashukuru, baadaye inaanza kutetemeka, mara inalia, mara haivuti mlima, na hapo unaambiwa tafuta gia boksi nzima. Jirani yangu yamemfika hayo na pesa ilikuwa ya karo ya watoto. Iliniuma sana, manake gari yenyewe haikuwa na kosa.

Halafu kuna chumvi. Sisi wa pwani, na zaidi wanaoenda Mambrui, Gongoni mpaka Marereni kwenye mashamba ya chumvi, upepo wenyewe unakula chuma. Zamani ilikula bodi ukaiona kwa macho. Siku hizi inaingia kwenye soketi za waya, inafanya kutu ya kijani, sensa, kile kifaa cha kupima mambo ya injini, inapeleka habari ya uongo kwa kompyuta ya gari, taa ya injini inawaka, na wewe unauziwa sensa mpya ghali kumbe ilikuwa ni kusafisha soketi tu! Gari za haibridi nazo, zile za petroli na umeme pamoja, ile feni ya betri karibu na kiti cha nyuma ikijaa vumbi betri inapata joto inakufa mapema, na wangapi wameambiwa hivyo siku ya kununua?

Mafundi siwalaumu hata kidogo. Wengi ni vijana hodari. Lakini sheria ya Kenya inataka gari iingie nchini kabla haijapita miaka 8, kwa hivyo kila mwaka zinashuka Mombasa gari zenye umeme mwingi zaidi, na kitabu chake kiko kwa Kijapani, na redio pia Kijapani, fundi atasoma nini? Wenzetu wameliona hili. Ulaya kampuni za magari zinalazimika kuwapa mafundi wasio wa kampuni maelezo ya kutengeneza, na kule Massachusetts, Marekani, sheria kama hiyo ilipita 2012. Sisi tunaonunua gari hizo hizo zikiwa zimetumika ndio tunahitaji zaidi.

Kwa hivyo naomba wabunge wetu walichukue hili, anayeingiza gari alazimike kutoa karatasi kwa Kiswahili au Kiingereza, oili gani ya gia, oili gani ya injini, feni ya betri isafishwe lini. Na vyuo vya ufundi vya kaunti vifundishe kusoma kompyuta ya gari na kufuata waya. Hata kabla ya hayo, wenye gari, fundi asimimine kitu kwa gia boksi kabla hujaiona chupa na kusoma jina lililoandikwa.

Msomaji wenu,
Malindi